Nyota Kubwa Hulishwa na Nani?

Mwezi wa Januari mbingu zikiwa safi, tokeni nje kama saa tatu ya usiku mkatazame juu. Mtaziona nyota tatu zilizopangwa mstari mmoja, zenye kulingana mwanga, kana kwamba fundi alizipima kwa kamba. Wenye elimu ya nyota huziita mshipi wa Orioni. Kitabu cha Ayubu chaitaja Orioni pamoja na Kilimia, ile ambayo wakulima wetu waliitumia tangu zamani kujua majira ya kulima. Kusini ya mshipi huo zaning'inia nyota nyingine ndogo, hafifu, kama upanga uliofungwa kiunoni. Ile ya katikati, ukiikazia macho, si nyota safi. Ina ukungu, kama taa ionekanayo nyuma ya moshi wa jikoni. Ukungu huo ni wingu la gesi na vumbi, na ndani yake nyota zinazaliwa.

Tumelitazama wingu hilo mara nyingi pasipo kujua tulitazamacho. Siku hizi tumesoma habari zake kwa bidii, na kadiri tulivyosoma ndivyo lilivyotujia swali lisilo la nyota peke yake. Aliye mkubwa, je, amekuwa mkubwa kwa nguvu zake mwenyewe, au kwa vile alivyoletewa? Twataka kwanza kueleza mambo yalivyo huko juu, ndipo tulirudie swali hilo. Msomaji atuvumilie, maana njia ni ndefu.

Urefu wake hausemeki kwa maili. Nuru huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na mwendo wake wa mwaka mzima, ambao ni kadiri ya kilomita milioni milioni tisa na nusu, ndio uitwao mwaka wa nuru. Wingu la Orioni liko mbali nasi kadiri ya miaka ya nuru 1,300. Basi nuru tuionayo usiku huu ilianza safari miaka mia nyingi kabla Vasco da Gama hajatia nanga Mombasa mwaka 1498. Mle katikati ya ukungu mna nyota nne zilizokaribiana, ambazo darubini ndogo yatosha kuzitenga. Iliyo kubwa kati yao ina uzito upitao uzito wa jua letu mara 30, na nuru yake ndiyo iliangazayo wingu zima.

Nyota za namna hii, zilizo nzito kuliko jua mara nane na kuzidi, ni chache mno. Katika nyota mia zizaliwazo haifiki hata moja. Lakini msizidharau kwa uchache wao. Sehemu kubwa ya oksijeni tuivutayo puani ilipikwa matumboni mwa nyota kubwa zilizokufa kabla jua letu halijawako. Kwa hiyo mtu aulizaye nyota kubwa huzaliwaje, huuliza pia habari za pumzi yake mwenyewe.

Yuko mtu mmoja ambaye hatuna budi kumtaja, naye ni Edward Emerson Barnard, aliyezaliwa Nashville katika Marekani mwaka 1857. Baba yake alikufa yeye hajazaliwa bado. Mama yake alikuwa maskini, na mtoto alipopata miaka tisa akapelekwa kufanya kazi katika nyumba ya kupigia picha. Kazi yake ilikuwa kukigeuza chombo kikubwa juu ya paa kifuate jua mchana kutwa, wasipungukiwe na mwanga wa kuchapia picha. Mtoto huyo aliyepewa kazi ya kulifuata jua akaja kuwa mmoja wa wapiga picha wakuu wa mbingu. Alipopiga picha za Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota upitao angani, aliona ndani yake mabaka meusi, mengine marefu kama mikondo ya maji. Watu wengi wa zamani walidhani mabaka hayo ni matundu, yaani mahali pasipo kitu. Barnard naye alisitasita miaka mingi. Mwisho akakubali ya kuwa mengi ya mabaka hayo si utupu bali ni vitu, mawingu meusi yenye kuficha nyota zilizo nyuma yake, na mwaka 1919 akatoa orodha ya mabaka 182, kila moja na namba yake. Tutamrudia bwana huyu.

Mawingu hayo meusi ndiyo malighafi ya nyota. Yamejaa gesi ya haidrojeni, na vumbi kidogo, kadiri ya sehemu moja katika mia kwa uzito. Baridi yake ni kali kupita kiasi, digrii 250 au 260 chini ya sifuri. Kitu chenye baridi namna ile hakitoi nuru ya kuonekana kwa jicho. Hutoa mionzi dhaifu ya joto, na hewa ya dunia yetu huizuia mingi ya mionzi hiyo isitufikie. Ndiyo sababu mataifa ya Ulaya yalipeleka angani, mwaka 2009, darubini iliyoitwa Herschel, yenye kioo cha upana wa mita tatu na nusu. Ilifanya kazi mpaka mwaka 2013, heliamu iliyokuwa ikiipoza ilipokwisha.

Herschel ilipoyatazama mawingu hayo iliyaona yamesokotwa nyuzi. Karibu kila ilikogeuka zilikuwako nyuzi za gesi, ndefu, zimejipinda, nyingine zikikutana na kuachana kama mizizi ya mvumo. Tena ilizikuta hata katika wingu lililoko upande wa nyota ya kaskazini, wingu ambalo halijazaa nyota hata moja. Kwa hiyo ilijulikana kwamba uzi hutangulia na nyota hufuata. Katika mawingu yaliyo karibu nasi, unene wa nyuzi hizo ulipopimwa ulionekana kuwa kadiri ya theluthi moja ya mwaka wa nuru, ijapokuwa wataalamu wangali wakibishana juu ya kipimo hicho.

Msidhani uzi huo ni mzito kama moshi wa kuni. Katika nafasi itoshayo ncha ya kidole, hewa tuivutayo ina molekuli milioni milioni milioni 27 kwa sentimita moja ya ujazo; uzi wa gesi, mahali ulipoanza kujaa, una makumi elfu tu. Ni mtupu kuliko vyombo vingi ambavyo mafundi wamevitoa hewa kwa mashine. Nguvu yake yote ni urefu na upana wake. Uzito wake ukiwa mdogo, uzi hukaa tu au hutawanyika. Ukipita kiasi fulani, ambacho kwa gesi ya baridi ile ni kadiri ya jua tano kwa kila mwaka wa nuru mmoja wa urefu, hauwezi tena kujistahimili. Hukatika mafundo mafundo kama shanga, na katika mafundo hayo huzaliwa nyota za kadiri, kama jua letu na zilizo ndogo kuliko hilo.

Na nyota kubwa je? Hizo kwa kawaida hazizaliwi popote tu penye uzi. Huonekana mahali nyuzi nyingi zikutanapo. Mahali hapo twaweza kupaita kitovu, na neno hilo, kama mtakavyoona, si sura ya maneno tu.

Nyuma ya ule ukungu wa Orioni, ambao ni uso tu wa wingu kubwa lenye giza, umelala uzi mmoja mrefu kutoka kaskazini hata kusini, umbo lake kama herufi S iliyovutwa. Mwaka 2018 wataalamu walieleza walivyoupima kwa ile darubini ya redio iitwayo ALMA, yenye masahani 66, iliyojengwa katika jangwa la Atacama, nchi ya Chile, juu mlimani kadiri ya mita 5,000. Wakakuta ya kuwa ule uzi si uzi mmoja. Ndani yake walihesabu nyuzi ndogo 55. Sisi tuliozaliwa karibu na mashamba ya katani tumeijua habari hii tangu utotoni: ukiikata kamba huioni kamba, waona nyuzi, na hakuna hata mmoja ambao peke yake ungeweza kumfunga mbuzi.

Basi, juu ya kukua kwa nyota kubwa wataalamu wamegawanyika, na hapo ndipo swali letu lilipo. Wa upande mmoja, kama Christopher McKee na Jonathan Tan walioandika mwaka 2003, husema ya kuwa nyota kubwa hutoka katika kiini kikubwa kilichokwisha kukusanya gesi yake yote kabla nyota haijaanza. Mfano wake ni yai: chakula chote cha kifaranga kimo tayari ndani ya gamba, na kuku mwenyewe akienda zake yai halipungukiwi kitu ila joto. Wa upande wa pili, kama Ian Bonnell na wenzake walioandika mwaka 2001, husema sivyo. Viini vyote huanza vidogo; vilivyokaa katikati ya kundi huendelea kuvuta gesi itokayo mbali, vikazidi kukua, na vilivyokaa pembeni hubaki vidogo. Mfano wake ni mtoto tumboni, ambaye hana akiba, hulishwa siku kwa siku kwa kitovu.

Yai au kitovu? Watu hawakukaa kubishana tu, walikwenda kutafuta mayai. Walitafuta viini vizito, vilivyo vizima, ambavyo nyota haijaanza ndani yake. Wamepata vichache sana. Na vingi vya hivyo, vilipotazamwa kwa darubini kali zaidi, vilionekana vimekwisha kuvunjika vipande vidogo, au vimeficha nyota changa ndani. Vitovu, kinyume chake, vimeonekana vingi. Mfano uliosifika ni ule uliotangazwa mwaka 2013 na Nicolas Peretto na wenzake. Wingu hilo liko mbali nasi kupita miaka ya nuru 10,000, na jina lake ni namba tu, SDC 335. Nyuzi zake sita zaelekea mahali pamoja, na hapo zikutanapo pana kiini chenye uzito wa kadiri ya jua 500. Walipopima mwendo wa gesi waliona ya kuwa wingu zima linaanguka ndani na kumiminikia pale, kwa mwendo usiofika kilomita moja kwa sekunde. Kwetu mwendo huo ni mkubwa kuliko wa ndege. Kwa nafasi ya huko ni mwendo wa kobe, maana gesi ikienda hivyo huhitaji zaidi ya miaka 400,000 kuvuka mwaka wa nuru mmoja.

Sisi hatuna darubini, na ugomvi wa wataalamu haumalizwi na wapigaji chapa. Lakini kwa hayo yaliyokwisha kuonekana twaelekea upande wa kitovu. Tena twakiri kwamba tuliuelekea kwa haraka iliyotutia shaka wenyewe, kwa sababu ya jambo lililotupata.

Hapo zamani kidogo tulialikwa karamuni. Kijana wa jirani alikuwa amerudi na shahada kutoka chuo kikuu cha mbali, na ukoo wote ulikusanyika. Aliposimama kusema, alisema vizuri, kwa maneno machache. Akashukuru bidii yake, akaishukuru kalamu yake, akawaambia vijana waliohudhuria ya kuwa kila mtu ni mjenzi wa maisha yake peke yake. Watu wakapiga makofi. Shangazi yake hakusikia, maana alikuwa jikoni nyuma ya nyumba akiipua ndizi. Mama huyo ndiye aliyeuza mbuzi wake mmoja mmoja muda wa miaka sita kwa ajili ya ada. Mzee aliyeketi karibu nasi akainama akasema polepole, kana kwamba anajisemea nafsini mwake, "Mwanangu, hicho kichwa kilikunywa uji wa nani?"

Tuliondoka pale na hasira. Njiani tukaanza kutunga kichwani maneno makali ya kuandika katika gazeti. Ndipo tulipojiuliza ni watu wangapi waliotufikisha sisi wenyewe kwenye meza hii ya kuandikia, tukaanza kuwahesabu. Tulifika kumi na mmoja, na saba katika hao hatujawahi kuwaambia neno. Maneno makali yakatutoka.

Tulirudie sasa swali, tukiwa na adabu kidogo zaidi. Methali yetu husema haba na haba hujaza kibaba. Wote twaijua, na watoto huandikishwa insha juu yake. Lakini methali hiyo haituambii kibaba ni cha nani, wala haba zimetoka ghalani mwa nani. Katika lile wingu, gesi iliyo pembeni na gesi iliyo katikati ni gesi ile ile: haidrojeni ile ile, vumbi lile lile. Nyota iliyopata kuwa kubwa haikutengenezwa kwa kitu kilicho bora kuliko wenzake. Ilikaa bondeni, na maji hufuata bonde. Tena bonde lenyewe halikuchimbwa na nyota hiyo; limefanywa na uzito wa wingu zima, yaani wa gesi yote pamoja na hiyo ambayo haitapata kuwa nyota kamwe.

Hapa mtu atatuuliza, "Je, walionyweshwa uji ule ule katika nyumba ile ile, mbona hawakuwa wote wasomi?" Ni neno la haki, wala hatutaki kulikwepa. Iko bidii ambayo hakuna shangazi awezaye kuifanya kwa niaba ya mpwa wake. Hata huko juu liko jambo linalofanana na hilo. Nyota ndogo humaliza kula, ndipo huwaka. Nyota kubwa huwaka ingali inakula. Nuru yake inapotoka kwa nguvu huisukuma ile gesi inayoijia, hata wataalamu wa zamani walishangaa imewezekanaje nyota yo yote kupita ukubwa fulani, maana kwa hesabu zao ilipasa kufukuza chakula chake yenyewe. Jibu lililopatikana ni kwamba nuru hupenya mahali pepesi, ikatokea juu na chini. Na chakula hupitia mahali pazito, katika sahani ya gesi izungukayo nyota na katika mikondo mizito inayoilisha sahani hiyo. Mikondo hiyo haizuiliki na nuru.

Tulilitafakari neno hili siku nyingi. Tulidhani tumepata humo kitu ambacho ni cha nyota mwenyewe, bidii yake ya kuwaka. Kumbe kuwaka kwake ndiko kungalimnyima chakula, na aliyeishinda nguvu hiyo ni uzi, kwa kuzidi kuja ingawa unasukumwa. Yule shangazi alisukumwa pia. Tumesikia kwamba mwaka wa nne wa masomo kijana aliacha kumwandikia barua, naye mwaka ule akauza mbuzi wawili.

Bado hatujafika kwenye lililo gumu. Nyota kubwa ikisha kukomaa, huharibu mahali ilipozaliwa. Mionzi yake hupasha gesi joto la maelfu ya digrii, pepo zake huisukuma, nyuzi hukatika, wingu hutawanyika. Katika gesi yote ya wingu kubwa, ni sehemu chache tu katika mia zinazopata kuwa nyota. Iliyobaki hurudishwa ilikotoka. Katika Orioni mambo hayo yameanza kuonekana. Ule ukungu wenye kung'aa ambao watu huusifu kwa uzuri ni pango lililochimbwa katika uso wa wingu na zile nyota nne, na hasa ile iliyo kubwa. Darubini ya Hubble ilipotazama humo katika miaka ya 1990 iliona pia nyota ndogo changa, kila moja na sahani yake ya gesi na vumbi, sahani ambazo kwazo dunia kama hii yetu zingeweza kufanyika. Na nuru ya yule ndugu yao mkubwa inazimenya sahani hizo, gesi yake ikatoka kama mkia wa moshi.

Twaujua uzuri wa picha zile. Tulipozijua habari hizi tulizitazama kwa jicho jingine.

Baadaye nyota kubwa hufa, na hufa mapema. Jua letu lina kadiri ya miaka milioni elfu kumi ya kuishi. Nyota kubwa huishi miaka milioni chache, na zilizo kubwa kadiri milioni kumi au makumi. Nyingi hupasuka, na vile zilivyovipika hutupwa mbali, vikachanganyika na mawingu mengine. Ndipo ipatikanapo ile oksijeni tuliyoitaja. Basi wako watu wasemao ya kuwa hapo hesabu imelingana: nyota ilichukua, nyota imetoa, iliharibu wingu moja, imestawisha jingine. Neno hili husemwa pia juu ya watu. Mtu akiulizwa juu ya waliomlea ambao hakuwarudishia kitu, hujibu, "Nami nawalea wengine."

Sisi jibu hili twalikubali nusu na kulikataa nusu. Ni kweli ya kuwa mema mengi hayarudi nyuma. Huenda mbele, na kama kila mtu angeng'ang'ania kulipa alikotoa, watoto wangekufa njaa. Lakini kumpa wa pili hakumlipi wa kwanza. Mtu aliyekopa kwa Petro akamsaidia Yohana amefanya wema, na deni la Petro lingali palepale. Twaona jibu hilo hupendwa sana na wale ambao wadai wao hawana sauti. Nasi tu wamoja wao. Kati ya wale saba wetu, watatu wamekwisha kufa.

Hata hivyo nyota haidaiwi. Hapa twataka kusema waziwazi, kwa kuwa sisi watu wa magazeti ya namna hii tuna desturi ya kuyafanya yaliyoumbwa yote kuwa mahubiri: chungu atufundishe bidii, maua yatufundishe kutohangaika, na sasa nyota itufundishe shukrani. Nyota haina cha kutufundisha juu ya shukrani. Haijui ya kuwa ililishwa. Haikumsahau mtu, maana hapakuwa na kumbukumbu. Wala haikumdhulumu ndugu yake mdogo, maana haikumwona. Kuisifu kwa oksijeni ni upuuzi kama kuilaumu kwa sahani zilizomenywa. Tofauti yetu nayo ni hii moja, kwamba sisi twaweza kugeuka nyuma tukauona uzi. Na mtu akisha kuuona hawezi tena kujitetea kwa mfano wa nyota.

Kuuona kwenyewe si kazi nyepesi. Mtu aweza kuwa mwaminifu kabisa asiuone uzi uliomlisha, kama watu walivyotazama mabaka meusi ya Njia Nyeupe vizazi vingi wakayaita matundu. Hatuamini yule kijana alidanganya kwa makusudi. Aliposimama pale aliona mwanga wake mwenyewe, na mwanga ukiwa karibu na jicho, nyuma huwa giza.

Tulisema tutamrudia Barnard. Mtoto yule maskini hakupata shule ila kidogo sana. Mwaka 1883 wapenda nyota wa mji wake walichanga fedha, naye akapata nafasi ya kusoma na kufanya kazi katika chuo kikuu cha Vanderbilt. Toka hapo alikwenda California, ambako mwaka 1892 aliuona mwezi wa tano wa Sumbula, mwezi ambao hakuna jicho lililokuwa limeuona tangu Galileo alipoona minne mwaka 1610. Vitabu vya elimu ya nyota humtaja Barnard, na ni haki vimtaje. Wale waliochanga, kila mmoja na dola zake chache, hawatajwi ila mara chache. Lakini kazi aliyomalizia maisha yake ni ile orodha ya giza, ambayo alihesabu baka moja moja asiloweza kuona ndani yake, akalipimia mahali pake, akalipa namba. Alikufa mwaka 1923, na orodha iliyoongezwa ikachapwa mwaka 1927. Wataalamu wa leo wakielekeza masahani yao kwenye uzi fulani, mara nyingi huuita bado kwa namba aliyoiandika yeye.

Nasi tumenunua daftari. Tumeandika humo wale kumi na mmoja, na wengine wanne waliotujia akilini baadaye, usiku, taa imekwisha kuzimwa. Wanne kati ya walio hai tumewaandikia barua. Mmoja amejibu ya kuwa hakumbuki kutusaidia, tena ameuliza kama tumekosea mtu. Wa tisa hatulijui jina lake. Alikuwa mama mmoja aliyetupa mahali pa kulala siku tatu, mvua ilipokata njia tukienda shuleni kwa mara ya kwanza, nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka darajani. Mahali pa jina tumeandika namba.